Mdai Hatoki Barazani

Tarehe 10 Januari 2010 wapiga kura wa Martinique waliulizwa kama wanataka kisiwa chao kiwe na madaraka makubwa zaidi ya kujiendeshea mambo yake, kikiwa bado ndani ya Ufaransa. Aliyewaomba waseme ndiyo alikuwa Alfred Marie-Jeanne, mwalimu wa zamani, aliyekuwa meya wa mji mdogo wa Rivière-Pilote kwa karibu miaka 30 na kiongozi wa baraza la kisiwa tangu 1998. Marie-Jeanne hakuwahi kuficha msimamo wake: chama alichokianzisha kinadai uhuru kamili wa Martinique. Watu walijua hivyo walipomchagua, na walijua hivyo walipomchagua tena. Siku hiyo karibu asilimia 79 walimwambia hapana. Desemba 2015 wakamrudisha madarakani, akawa mkuu wa kwanza wa serikali mpya ya kisiwa.

Sisi tuliosoma shule ambazo historia yake iliishia usiku bendera moja iliposhushwa na nyingine ikapanda, jambo hili hutukera. Tunaona woga, au kasumba. Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakiwazungumzia Wamartinique kwa sauti ya kaka mkubwa anayemsikitikia mdogo wake aliyekataa kuhama kwa mama. Mimi naona tumewasoma vibaya.

Martinique ni kikubwa kidogo kuliko Pemba na ni kidogo kuliko Unguja, kilomita za mraba kama 1,100. Ufaransa ilikichukua mwaka 1635, zaidi ya karne mbili kabla haijaupata mji wa Nice. Wakalinago, wenyeji waliokuwapo, waliuawa au kufukuzwa ndani ya miongo michache. Waliokijaza kisiwa baada yao ni watu walioletwa: Waafrika waliofungwa minyororo wakakate miwa, na utumwa ulipokwisha, Wahindi wa mikataba kuanzia mwaka 1853. Hapo ndipo sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunapoteleza. Kwetu mkoloni aliikuta jamii, akaitawala, akaondoka, na jamii ikaendelea, japo imejeruhiwa. Kule jamii yenyewe ilizaliwa shambani kwa bwana. Kikrioli wanachozungumza, ngoma ya bèlè, mapishi, hata majina ya ukoo ambayo waliokuwa watumwa walipewa na makarani wa serikali baada ya 1848: vyote viliumbwa hapo hapo. Hakuna sultani wa kurudishwa kwenye kiti wala mji wa kale wa kufufuliwa. Anayewaambia warudi walikotoka inampasa kwanza awaonyeshe njia.

Mei 1848, huko Le Prêcheur, kaskazini mwa mji wa Saint-Pierre, mtumwa aliyeitwa Romain alikamatwa kwa kosa la kupiga ngoma. Wenzake walikwenda kumdai. Ghasia zikafika Saint-Pierre, damu ikamwagika, nyumba zikachomwa, na tarehe 23 gavana akatangaza kwamba utumwa umekwisha. Amri ya Paris ya tarehe 27 Aprili, iliyopiganiwa na Victor Schoelcher, ilikuwa ingali baharini. Watu zaidi ya 70,000 wakawa huru. Mwaka uliofuata bunge la Ufaransa likapitisha sheria ya fidia, na waliofidiwa ni mabwana, kwa kupoteza mali. Waliokuwa mali hiyo hawakupewa fedha wala kipande cha ardhi. Ardhi ilibaki mikononi mwa wazungu wazaliwa wa kisiwani, ambao huitwa béké, na wajukuu wao, wanaokadiriwa kuwa kama asilimia moja ya watu wote, mpaka leo wana sehemu kubwa ya mashamba na ya biashara ya kuagiza bidhaa.

Kwa hiyo kuna deni, na dawa ya deni ni kulipa. Kwetu mtu aliyechoka kuzungushwa na mdaiwa wake huchukua mkeka akaenda kukaa barazani kwake, majirani waone. Hatukani. Anakaa tu. Tena mdaiwa hakuna kitu anachokiomba kama mdai asuse, ajitwishe heshima yake na kwenda zake. Ndivyo ninavyoielewa sheria ya tarehe 19 Machi 1946, iliyozigeuza Martinique, Guadeloupe, Guyane na Réunion kutoka makoloni kuwa mikoa ya Ufaransa.

Aliyeiwasilisha bungeni alikuwa Aimé Césaire, mshairi, mbunge wa chama cha Kikomunisti, mwenye miaka 32. Miaka minne baadaye huyo huyo alichapisha hotuba yake juu ya ukoloni, moja ya mashtaka makali kuliko yote yaliyowahi kuandikwa dhidi ya Ulaya. Wageni wengi huona hapo watu wawili ndani ya koti moja. Lakini tazama kisiwa kilivyokuwa wakati ule: sukari imeanguka, vita vimeacha njaa, watoto hawana viatu, vibarua wa mashambani wanalipwa vijisenti na béké. Sheria za Ufaransa za pensheni, matibabu na mshahara wa chini zilikuwapo, ila ziliishia kwenye gati la Le Havre. Césaire alitaka zivuke bahari. Uraia kwake ulikuwa hati ya madai.

Mdaiwa naye akaanza kuzungusha. Maofisa waliotoka Ufaransa walipewa nyongeza nono ya mshahara kwa kufanya kazi visiwani, wenyeji wa kazi ile ile hawakupewa, mpaka walipogoma mwaka 1953. Mshahara wa chini wa kisheria haukulingana na wa Ufaransa hadi 1996, yaani nusu karne kamili baada ya sheria ya usawa. Césaire mwenyewe alikwisha kuvunjika moyo zamani. Mwaka 1956 alijitoa katika chama cha Kikomunisti, mwaka 1958 akaanzisha chake, akageuka kudai madaraka ya ndani. Uhuru kamili hakuudai. Alibaki meya wa Fort-de-France tangu 1945 hadi 2001, akajenga mifereji na zahanati, akaweka umeme katika vitongoji vya mabanda ambavyo leo ni mitaa ya mji. Wapo wanaomlaumu kwamba alibaki mshairi kwenye karatasi na karani mezani. Mimi napenda ukarani ule. Kuna washairi wengi walioleta uhuru wakasahau mifereji.

Na Fanon? Frantz Fanon alizaliwa Fort-de-France mwaka 1925 na kusoma katika Lycée Schoelcher, shule ambayo Césaire alikuwa akifundisha. Wakati wa vita kuu ya pili kisiwa kilikuwa chini ya Admirali Robert, mtiifu kwa serikali ya Vichy iliyokuwa imeshikana mikono na Wajerumani. Vijana wakawa wanatoroka usiku kwa mitumbwi kwenda Dominica na Saint Lucia kujiunga na jeshi la de Gaulle. Fanon alikwenda Dominica mwaka 1943. Hebu fikiria: weusi wa koloni la Mfaransa wanakimbilia koloni la Mwingereza ili wapate kuifia Ufaransa. Walipofika Ulaya walijifunza upesi wao ni nani machoni pa Wafaransa wenzao. Fanon alijeruhiwa, akapewa nishani, akarudi nyumbani, kisha akaenda kusomea udaktari wa akili na hatimaye akaingia katika vita vya Algeria, upande wa Waalgeria.

Alifariki tarehe 6 Desemba 1961, siku tatu kabla ya uhuru wa Tanganyika. Miaka ya 1970 kitabu chake cha mwisho kilitoka kwa Kiswahili kwa jina la *Viumbe Waliolaaniwa*, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Walter Rodney wa Guyana alikuwa amefundisha, walimbeba kama mtu wao. Tukamzoea hata tukasahau kuuliza kwao kulikuwaje. Amezikwa Algeria, nchi iliyopata uhuru wake. Kwao ni mkoa wa Ufaransa hadi leo. Pengine Fanon angekasirika. Lakini hata yeye hakuwahi kuandika mpango wa uhuru wa Martinique. Moto wake aliuwasha kwingine.

Mtu akisimama kusini mwa Martinique siku isiyo na mawingu anaiona Saint Lucia. Akisimama kaskazini anaiona Dominica. Zote mbili ni nchi huru, Dominica tangu 1978 na Saint Lucia tangu 1979. Zote mbili zinazungumza Kikrioli kinachoelewana na cha Martinique, kwa sababu kabla ya Mwingereza alikuwapo Mfaransa. Kwa hiyo Wamartinique hawana haja ya kuusoma uhuru vitabuni. Upo ng'ambo ya mlango wa bahari, unaonekana kwa macho. Wanaona nini? Wanaona Saint Lucia yenye bendera, kiti Umoja wa Mataifa na washindi wawili wa Tuzo ya Nobel, Arthur Lewis na Derek Walcott, wakati mkuu wa dola bado ni mfalme wa Uingereza, na hadi mwaka 2023 rufaa ya mwisho ya kesi zake ilisikilizwa London. Wanaona Dominica ambayo ni jamhuri, yenye hadhi yake, lakini tangu miaka ya 1990 imekuwa ikiuza uraia kwa matajiri wa kigeni ili kujazia bajeti. Wanawaona pia vijana wa visiwa hivyo wakivuka kuja Martinique kutafuta vibarua vya kukata ndizi. Sisemi hilo linamaliza hoja. Mtu wa Saint Lucia atakujibu kwamba waziri wake mkuu humchagua mwenyewe na kumfukuza mwenyewe, na jibu hilo ni zito. Ila hayo wanayoyaona yanaeleza kwa nini neno uhuru, linalotutoa machozi sisi, kule hupimwa kwanza kama kitambaa dukani. Hata Barbados, iliyokuwa huru tangu 1966, ilingoja hadi tarehe 30 Novemba 2021 kumwondoa Malkia na kuwa jamhuri.

Karibu na kwetu kuna Mayotte, ambayo wenyewe huiita Maore, na lugha yake Kishimaore ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Mwaka 1974 Wakomoro walipopigia kura uhuru, visiwa vitatu vilisema ndiyo kwa sauti moja na Mayotte ikasema hapana. Mwaka 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa, hadhi ile ile ya Martinique. Watetezi wa Mayotte hulitaja sana jina la Césaire, kama kwamba kesi ni moja. Si moja. Mayotte ilikuwa na watu wake, masultani wake, misikiti yake, na jamaa zake Nzwani na Ngazidja. Waliobaki na Ufaransa walikuwa na sababu zao. Waliogopa kumezwa na visiwa vikubwa, na makao makuu ya visiwa vyote yalikwisha kuhamishwa kutoka Dzaoudzi, kisiwani mwao, yakapelekwa Moroni. Lakini matokeo yake ni mpaka uliopita katikati ya ukoo mmoja, na tangu viza ilipowekwa mwaka 1995, wengi waliojaribu kuvuka kwa mashua za kwassa-kwassa kwenda kwa jamaa zao wamekufa maji. Martinique haikumfungia mtu mlango ilipoingia. Nalisema hili kwa sababu hoja ya deni si kanzu ya kumvisha kila anayependa pasipoti nyekundu.

Na kukaa barazani kuna gharama zake. Mdai anakula chakula cha nyumba ile, na mwenye nyumba ndiye anayekipika.

Kuanzia 1972 hadi 1993 mashamba ya migomba ya Martinique na Guadeloupe yalinyunyiziwa klodekoni, kiuatilifu cha kuua fukusi wa migomba. Marekani, iliyokuwa inakitengeneza, ilisimamisha mwaka 1975 baada ya wafanyakazi wa kiwanda huko Virginia kuanza kutetemeka mikono na kuugua mishipa ya fahamu. Ufaransa ilikipiga marufuku mwaka 1990, kisha ikatoa ruhusa maalumu visiwani kiendelee hadi 1993, kwa ombi la wakulima wakubwa wa ndizi. Sumu hiyo haiozi upesi. Imo katika udongo, na inaweza kukaa humo kwa karne kadhaa. Imo mitoni, imo katika magimbi na viazi vitamu, na kuna maeneo ya bahari ambako uvuvi umepigwa marufuku. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo wamekutwa nayo katika damu. Januari 2023 mahakimu wa Paris walifunga kesi bila kumshtaki mtu yeyote, wakieleza kwamba muda mrefu mno umepita na ushahidi umekuwa mgumu. Nikitafuta maana halisi ya neno koloni leo, siitafuti kwenye bendera ya gavana. Naitafuta kwenye ile ruhusa maalumu ya miaka mitatu.

Kuna gharama nyingine isiyo na harufu. Kuanzia 1963 idara ya serikali iliyoitwa BUMIDOM iliwasafirisha vijana wa visiwani kwenda Ufaransa kufanya kazi za hospitali, posta, viwanda na usafi. Wengi hawakurudi, na watoto wao waliozaliwa Paris huja likizo Agosti. Mwaka 2006 Martinique ilikaribia watu 400,000. Leo imeshuka hadi kama 350,000, na ni miongoni mwa mikoa ya Ufaransa yenye wazee wengi zaidi. Watu wanabishana juu ya taifa huku wanaopaswa kulibeba wakipungua.

Taifa wanalo, hata hivyo. Hilo ndilo wageni hukosa kuliona wakizihesabu tu kura za maoni. Muulize mtu wa Fort-de-France kwao ni wapi, hatakwambia Ufaransa. Ufaransa ni mahali watu huenda. Tarehe 22 Mei, siku ya Romain na ngoma yake, ni sikukuu ya kisiwa kizima, na mwaka 2020 siku hiyo hiyo vijana waliziangusha sanamu mbili za Schoelcher. Wazee walishtuka. Schoelcher! Mtu ambaye mji, shule na maktaba nzuri ya chuma, iliyoundwa Paris ikaja kwa meli vipande vipande, vyote vina jina lake. Vijana wakajibu kwamba wamechoka kufundishwa kuwa uhuru wa babu zao ulikuja katika bahasha. Miezi miwili baadaye ikafuata sanamu ya Joséphine, mke wa Napoléon, mzaliwa wa Trois-Îlets katika familia ya wenye watumwa. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa tangu 1991, na kwa miaka karibu 30 manispaa haikukirudisha. Alisimama bustanini bila kichwa, na wapita njia wakamzoea hivyo. Huko kutokirudisha nakuona ni uamuzi wa busara kuliko kubomoa kote kulikofuata, lakini mimi si kijana wa Martinique.

Halafu bendera. Kwa muda mrefu kisiwa kilipeperusha kitambaa cha buluu chenye msalaba mweupe na nyoka wanne, kilichotokana na amri ya karne ya 18 kwa meli, zikiwamo za watumwa. Februari 2023 wawakilishi wa kisiwa walipitisha nyekundu, kijani na nyeusi, rangi zilizobebwa na watetezi wa uhuru tangu zamani. Mei mwaka huo wakapiga kura Kikrioli kiwe lugha rasmi pamoja na Kifaransa, na mwakilishi wa serikali ya Paris akawapeleka mahakamani. Timu ya mpira ya Martinique hucheza Kombe la Dhahabu la Amerika ya Kaskazini na Karibiani kama nchi yoyote, lakini si mwanachama wa FIFA. Mchezaji wake anayeota Kombe la Dunia hana budi kuivalia Ufaransa, na wapo wengi walioivalia, akiwamo Thierry Henry, ambaye mama yake ni wa huko.

Septemba 2024 watu waliingia barabarani. Vyakula Martinique vilikuwa ghali kwa kama asilimia 40 kuliko Ufaransa, sababu zikiwa masafa, kodi ya forodha ya tangu enzi za wafalme, na maduka makubwa yaliyo mikononi mwa familia chache. Walifunga barabara, wakazuia bandari, wakaingia maduka wakajaza matoroli na kuyaacha kwenye foleni ya malipo. Mikononi walishika ile nyekundu, kijani na nyeusi. Mwandishi mmoja wa Ulaya niliyemsoma aliona kichekesho: bendera ya kujitenga, na dai la kulinganishwa na Mfaransa wa Paris hadi senti ya mwisho ya mchele. Mimi sikuona kichekesho. Niliwaona watu wanaojua wao ni nani na wanaojua wanamdai nani.

Paris ilipeleka askari wa kutuliza ghasia wa kikosi cha CRS. Kikosi hicho kilikuwa hakijakanyaga Martinique tangu Desemba 1959, vijana watatu walipouawa katika ghasia za Fort-de-France. Oktoba 16 serikali, wafanyabiashara na viongozi wa kisiwa walitia saini makubaliano ya kupunguza bei za bidhaa kama 6,000 kwa wastani wa asilimia 20. Chama kilichoanzisha maandamano kikakataa kusaini. Kilitaka vyakula vyote, na kilitaka bei ya Ufaransa.